Msaada: gari-nyumba yangu ya zamani inaua betri, friji inazima usiku, na fundi anataka nibadilishe altaneta (nipo Pemba)

dago_makangale
Assalam aleykum ndugu zangu, naomba mnisome mpaka mwisho maana nataka nieleze yote mara moja. Mie nipo Wete, nna gari-nyumba, Toyota Coaster ya dizeli ya miaka ya tisini, umeme wake volti 24 yaani betri mbili za N70 zimeungwa kwa kufuatana. Ilitengenezwa hukohuko Japani kwa ajili ya kulala, ina vitanda, sinki na pampu yake ya maji, friji ya kompresa, taa na feni mbili. Nliinunua Dar kwa mtu, ikavuka na meli mpaka Mkoani. Mie na ndugu zangu tunakwenda nayo dago, yaani kambi ya uvuvi, Makangale na Vumawimbi, siku tatu siku nne tunavua, na msimu wa karafuu ukifika tunalala nayo shamba badala ya kujenga banda. Kwa hivyo kwetu si gari ya matembezi, samaki wakioza mle ndani ni hasara ya watu sita.

Sasa matatizo. Betri moja inakausha maji kila baada ya wiki mbili, nafungua vifuniko nakuta sahani ziko wazi kabisa, na ya pili yake maji yamejaa lakini haina nguvu. Nshabadilisha zote mbili mara mbili ndani ya miezi 14. Friji inazima kwenye saa saba saa nane ya usiku, asubuhi ukiwasha gari inarudi. Pampu ikifanya kazi taa za ndani zinafifia. Nyuma huko nikikanyaga breki na indiketa ya kulia inawaka kidogo, haiwaki sawasawa, inawaka kama inaugua. Na mwisho nlipoichomeka umeme wa nyumbani kupitia ile soketi ya ubavuni palilia pa, moshi ukatoka chini ya kitanda, tokea siku hiyo sijaigusa tena.

Fundi wa hapa kasema altaneta imekwisha inachaji kupita kiasi, anataka laki nne na nusu. Hela nnayo ya kuunga unga. Nibadilishe au la?

konde_1
Waaleykum salaam. Mie ningebadilisha tu. Gari ya shemeji ilikuwa inakausha maji hivyohivyo, ikawekwa altaneta nyengine ikapona. Betri ikichemka ni altaneta, hakuna jengine.

fundi_waya_ung
Usitoe hiyo laki nne na nusu bado. Naandika nikiwa kazini nipo Mwanakwerekwe kwa hivyo ntaandika kwa vipande.

Kwanza nenda kanunue mita ya kupimia umeme, ile ya dijitali ya bei ya chini kabisa inatosha. Halafu nipimie vitu vitatu uniletee namba, si maneno. 1) Asubuhi kabla hujawasha gari, pima KILA betri peke yake, nyaya za mita juu ya vichwa vya betri yenyewe si juu ya vishikio. 2) Washa gari, iache ipate moto, pandisha mzunguko kidogo, pima betri zote mbili kwa pamoja mwanzo mpaka mwisho. 3) Gari bado inawaka, pima tena kila moja peke yake. Andika ipi ndo hasi yake imeshika bodi, hiyo tuiite A, nyengine B.

Na swali moja kubwa. Gari ni volti 24, redio yako na taa za ndani na friji ni za volti ngapi, na kama ni 12, hizo 12 zinatoka wapi?

konde_1
Fundi lakini si dalili iko wazi? Betri inachemka.

fundi_waya_ung
Betri MOJA inachemka kaka. Altaneta haijui kama kuna betri mbili, inaona ncha mbili tu, juu na chini. Ingekuwa inachaji kupita kiasi zingechemka zote. Ikiwa moja inachemka na mwenziwe ana njaa basi kuna kitu kinawatenganisha, na kitu hicho hakimo ndani ya altaneta. Tusubiri namba.

dereva_mstaafu
Nimeendesha mabasi na malori ya volti 24 miaka mingi sana, hii kitu mie naijua kwa jina na kwa ukoo lakini simalizi utamu, fundi endelea. Nataka niseme kuhusu ile soketi ya ubavuni tu kwa sababu ile ni ya kuua mtu.

Mwanangu, Japani umeme wa majumbani ni volti 100. Kwetu ni 230. Gari-nyumba iliyotengenezwa kule kwa ajili ya kule, kila kilichomo upande wa umeme wa nyumba, chaja ya betri, soketi za ndani, maikrowevu kama ipo, vyote vinataka 100. Aliyekuuzia au aliyekuwa nayo kabla yake kabadilisha plagi tu akaweka ya pini tatu za kwetu, ikaonekana imekaa sawa, na wewe ukaamini plagi. Umetia mara mbili na zaidi ya kile inachokitaka. Chaja ndo iliyotoa moshi, na bora iliungua ikakata kuliko kuungua ikaendelea kuwaka chini ya godoro. Usiichomeke tena mpaka umeifumua. Kabla ya kununua chochote cha Japani cha kutumia kwenye gari hiyo geuza kibandiko chake usome, kikiandikwa 100V peke yake hakiguswi na ukuta wa Zanzibar, kikiandikwa 100-240V hakina neno.

dago_makangale
Shukran mzee wangu, leo baada ya alasiri nimefungua chini ya kitanda na kweli chaja imeungua, ubao wake umekuwa mkaa upande mmoja na kibandiko kimeandikwa AC100V. Mbao iliyo karibu yake imebadilika rangi. Watoto wangu wanalala juu ya kitanda hicho. Nimekaa chini nikashika kichwa.

Mita nimenunua Chake. Namba hizi hapa:

Asubuhi gari imelala: A 12.1, B 12.9.
Gari inawaka, zote pamoja: 28.2.
Gari inawaka, A peke yake 13.1, B peke yake 15.1.

Na jibu la swali lako fundi, taa na friji na pampu na redio zote ni 12. Zinatoka wapi sijui, nlidhani gari ilikuja hivyo.

fundi_waya_ung
Ahsante, umepima vizuri sana na namba zenyewe zinasema kila kitu.

28.2 kwa mfumo wa 24 ndo chaji ya kawaida, popote baina ya 27.6 na 28.8 altaneta na regyuleta yake (inayodhibiti chaji) wako salama. Altaneta yako NZIMA. Iache.

Sasa tazama mgawo wake. 28.2 ingegawika sawa kila betri ingepata 14.1. Yako A inapata 13.1 haishibi, B inapata 15.1 inapikwa. Betri ya maji ikikaa 15 saa nzima nzima inatokota, maji yanageuka hewa yanatoka, na hewa hiyo inashika moto, usivute sigara karibu yake. Na ndio maana kila ukinunua betri mpya mbili, baada ya miezi michache moja imekufa kwa njaa na nyengine kwa shibe.

Sababu yake iko hivi. Mtu kachukua 12 katikati ya betri mbili. Kila usiku friji na taa zinanyonya A peke yake, B haitoi kitu. Asubuhi unawasha gari, altaneta inasukuma chaji ile ile ipite betri zote mbili maana zimefuatana kama shanga kwenye uzi mmoja. B imejaa toka jana, inapokea chaji isiyoihitaji. A ina kiu lakini haiwezi kupokea zaidi ya mwenziwe. Altaneta inasoma jumla tu, inaona 28, inaridhika. Hili nimeliona kwenye mabasi mengi mno, linaanza na redio tu, mtu anasema redio inakula kidogo haina neno. Wewe umetundikiwa nyumba nzima.

Kazi ya kesho: tazama ule waya mnene mfupi unaounganisha A na B. Hapo lazima kuna waya wa tatu. Ufuate mpaka mwisho wake kwa mkono, uniambie una fyuzi au hauna.

dago_makangale
Nimeupata. Mwekundu, umeshikwa pamoja na kishikio cha A kwenye chanya yake, ukapita tundu la sakafu bila mpira wowote, ukaingia chini ya zulia mpaka kwenye sanduku la fyuzi la ndani. Baina ya betri na sanduku hilo kiasi cha mita tano HAKUNA fyuzi. Na pale kwenye tundu la bati ganda la waya limeshaanza kulika, nyuzi za shaba mbili tatu naziona.

Na chini ya kabati la sinki nimekuta kisanduku kitupu chenye mikanda, nadhani hapo ndipo ilipokuwa betri ya nyumba zamani, nyaya zake zimekatwa zimefungwa tepu.

bi_sola
Utoe waya huo LEO, usingoje kesho. Waya usio na fyuzi unaopita tundu la bati lenye ncha kali, gari ikitikisika kwenye njia ya Konde, siku ganda likimalizika unagusa bodi na betri ile inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Waya unakuwa mwekundu kama moto wa jikoni chini ya zulia na nyinyi mmelala. Fyuzi haiwekwi kwa ajili ya friji, inawekwa kwa ajili ya waya, na inakaa karibu na betri, kiasi cha shubiri moja, kwa sababu sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina ulinzi.

Mie ni mama wa sola, nimesomea chuo cha sola Kinyasini, nafunga mifumo midogo vijijini huku kaskazini Unguja. Ukishautoa niambie, tukupigie hesabu ya betri ya nyumba inayojitegemea, maana hiyo ndo dawa. Nyumba iwe na betri yake, gari iwe na zake, zikutane pale tu panapotakiwa.

dago_makangale
Nimeutoa wallahi, nimeandika haya mikono bado michafu. Bi nipigie hesabu hiyo. Friji imeandikwa 4.5A kwa volti 12. Taa ni za LED saba. Pampu 4A. Feni mbili lakini usiku tunawasha moja, 1.5A.

bi_sola
Haya. Friji ya kompresa haifanyi kazi muda wote, inawaka inazima, ila kwa joto letu na mlango unaofunguliwa na watu sita chukulia nusu ya siku, saa 12. 4.5 mara 12 ni 54 ampea-saa. Taa ampea 1 kwa saa 5, ni 5. Pampu nusu saa kwa siku, 2. Feni 1.5 kwa saa 8, 12. Jumla 73 kwa siku moja.

Betri ya maji ya 100 usiitegemee kukupa 100, ukiipita nusu kila siku unaiua. Kwa hivyo 73 inataka kama 150 mpaka 200 za betri ya maji ya kutoka taratibu (si ya kuwashia gari, zile sahani zake nyembamba, hazivumilii kushuka chini kila siku), au lithiamu moja ya 100 ambayo unaweza kutumia 80 bila wasiwasi. Lithiamu bei yake inaumiza mwanzo, lakini wewe nshahesabu umenunua betri nne ndani ya miezi 14.

Paneli. 73 mara 12 ni kama Wati-saa 876, ongeza upotevu fika 1,250, jua letu zuri tuhesabu saa 4 na nusu za nguvu kamili, inakuja karibu Wati 280. Weka 300, mbili za 150 zinakaa juu ya Coaster. Masika haitatosha, msijidanganye, masika mtategemea na injini. Na ukifunga kontrola (kile kidhibiti kinachokaa baina ya paneli na betri) unaunga betri kwanza ndo unaunga paneli, ukianza na paneli kontrola nyingi zinachanganyikiwa na nyengine zinaungua.

Kwa upande wa altaneta usiunge betri ya nyumba moja kwa moja, 24 kwa 12 haviungani. Kuna chaja za kugeuza 24 kuwa 12, zinapokea 28 ya altaneta zinatoa chaji inayofaa betri yako, fyuzi kila upande. Redio nayo iende kwenye betri ya nyumba au iwekewe konveta ndogo ya kushusha 24 kuwa 12. Katikati ya betri mbili pasiguswe na kitu tena milele.

konde_1
Nakubali nilikosea kuhusu altaneta. Shemeji alinambia tu habari ya gari yake na mie nikaichukua. Swali, hizi hesabu bi umezijulia wapi ukaweza kuzifanya haraka hivi, nataka kujifunza.

bi_sola
Mwanzo wake ni kiza mdogo wangu. Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja nzima umeme ulikatika kwa ajili ya ule waya wa baharini unaoleta umeme kutoka Bara, miezi mitatu. Sie nyumbani tulikuwa na betri moja ya gari na taa mbili, na kila mtu anataka kuchaji simu. Nikawa naandika kwenye daftari betri imedumu saa ngapi na nani kachaji nini. Chuoni nilikwenda baadae sana, nikakuta hesabu ni ile ile ya daftari. Andika kitu kinakula ampea ngapi, kwa saa ngapi, zidisha, jumlisha. Hakuna siri nyengine.

dago_makangale
Wiki tatu zimepita, narudi na khabari. Betri ya lithiamu 100 imekaa kwenye kile kisanduku chini ya sinki, paneli mbili juu, chaja ya kugeuza 24 imefungwa, fyuzi kila mahala. Betri mbili za gari nimezinunua mpya za aina moja siku moja na sasa gari ikiwaka A 14.1 B 14.1, nimepima mpaka nimepima tena kwa furaha.

Lakini friji BADO inazima usiku. Si kila usiku, na mara nyengine mchana. Betri ya nyumba wakati huo nikipima ina 13 na kidogo. Nimechanganyikiwa maana nilidhani tushamaliza. Na indiketa inaugua vilevile.

fundi_waya_ung
Hongera kwa hatua hiyo, na hapa tulipofika ndipo ninapopapenda mie, kwa hivyo niruhusu nieleze kwa urefu.

Betri ina 13. Sawa. Lakini friji haipati kilichomo kwenye betri, friji inapata kilichofika. Baina yao kuna waya, viungio, fyuzi, swichi na njia ya kurudi. Kila kimoja kinatoza ushuru wake. Kompresa nyingi za friji za namna hii zina ubongo unaozima ikiona chini ya 10.4 na hairudi mpaka ione 11.7. Inajilinda. Ndio maana ukiwasha gari inarudi, chaji inapandisha kila kitu.

Na mita ya mkononi inaweza kukudanganya hapa, sikiliza vizuri. Ukichomoa friji ukapima nyaya zake utaona 13 safi, kwa sababu mita hainywi kitu, na waya uliooza ukabaki na unywele mmoja wa shaba unaweza kupitisha 13 kwa mita. Mpe mzigo ndo utajua. Wazee wetu walikuwa hawana mita walikuwa na balbu ya taa ya mbele yenye nyaya mbili, na ile taa ilikuwa haidanganyi kwa sababu inakula ampea nne tano, waya mbovu mbele yake balbu inafifia hapohapo.

Kwa hivyo pima hivi, friji IKIWA INAFANYA KAZI:
mita kwenye nyaya za friji kule kule nyuma ya friji, namba ya kwanza.
Halafu chukua waya mrefu wowote urefushe mkono wa mita, mkono mmoja kwenye chanya ya betri, mkono wa pili kwenye chanya ya friji. Namba ya pili. Hiyo ndo inayopotea njia ya kwenda.
Halafu hasi ya betri kwa hasi ya friji. Namba ya tatu, njia ya kurudi.
Ikiwa kila kitu kizima namba ya pili na ya tatu zikiunganishwa zisizidi kama 0.4.

dago_makangale
Betri wakati napima 12.9 (usiku, taa na feni vinawaka, mchana kutwa ilikuwa mawingu).
Kwenye friji 10.9, na ikiwa inaanza kuzunguka inashuka 10.3 hapohapo inakata.
Chanya kwa chanya 0.5.
Hasi kwa hasi 1.5.

Volti mbili nzima zinapotea njiani!

fundi_waya_ung
Umeona? Na mita imekwambia na upande wenyewe. Ya kwenda 0.5, waya ni mwembamba. Ya kurudi 1.5, hiyo si wembamba, huo ni ugonjwa wa ethi, pale hasi inapofungwa kwenye bodi. Waya wa friji ni wa ngapi na urefu wake?

dago_makangale
Ni wa 1.5 (milimita mraba), kutoka kwenye sanduku mpaka friji ni kama mita 8 kwa jinsi ulivyozungushwa. Hasi haurudi kwenye betri, umefungwa bolti kwenye bodi nyuma karibu na gurudumu la kulia.

fundi_waya_ung
Karibu na gurudumu. Gari inayoegeshwa Vumawimbi. Hapo hapo.

Hesabu ya waya kwanza: wa 1.5 mita 8 peke yake unapoteza karibu nusu volti kwa ampea 5, ndio ile 0.5 yako hasa. Ukifunga wa 6 kwenda na wa 6 kurudi, mita 16 zote pamoja unapoteza robo volti tu. Ununue waya wa shaba kweli, kuna nyaya za alumini zimepakwa shaba kwa juu, ukikwangua kwa kisu ndani mweupe, unene ule ule lakini upotevu zaidi ya mara moja na nusu. Na kwa sisi watu wa pwani ukipata ule wa boti, nyuzi zake zimepakwa bati zina rangi ya fedha, chukua huo hata kama ni ghali, kwa sababu bahari haiingii waya kwa nje, inaingia kwa mwisho wake inapanda ndani ya ganda kama utambi. Ukikata mwisho wa waya wa zamani utaona.

Bolti ile ifungue. Usiikaze tu, ifungue.

dereva_mstaafu
Na indiketa yako inatoka hapohapo mwanangu, bolti moja. Balbu ya breki inataka kurudisha umeme wake kwenye bodi. Njia imeziba kutu. Umeme hauna subira, unatafuta pengine, unapanda kwenye waya wa pamoja unaingia balbu ya indiketa kwa nyuma unapita humo kutafuta bodi kwengine. Ndio maana inawaka kama inaugua, inapata mabaki. Gari yoyote ukiona taa moja inawasha jirani yake usinunue balbu, nenda kwenye ethi.

dago_makangale
Fundi, mzee, bi, nyote. Leo nililala chini ya gari toka asubuhi.

Bolti imekatika mkononi. Spana imegusa tu. Chini yake kulikuwa na nyaya NNE zimepangwa moja juu ya moja, hasi ya friji, ya taa za nyuma, ya pampu na moja sijui ya nini, na baina yao unga mweupe na kijani kama chokaa ya uraibu. Nimekata waya wa friji shubiri moja, kijani. Nikakata shubiri nyengine, kijani mpaka ndani ya ganda. Mpaka nimekata kiasi cha nusu mita ndo nikaona shaba nyekundu.

Nimefanya hivi: nimesugua bodi kwa msasa mpaka bati likawaka, nimetoboa tundu jipya pembeni, bolti ya chuma kisichoshika kutu na washa ya meno, nimekaza, HALAFU ndo nikapaka grisi juu na rangi, si kabla. Taa za nyuma zimepata bolti yao peke yao. Friji na pampu nimewavutia waya wa 6 uliopakwa bati kwenda na kurudi mpaka betri, hawagusi bodi tena. Kila waya unaopita tundu la bati nimeuvisha kipande cha mpira wa bomba.

Namba: betri 13.1, kwenye friji inafanya kazi 12.9. Breki inawaka breki, indiketa inawaka indiketa.

bi_sola
Mashaallah. Sasa nakuomba kitu kimoja kabla hujarudi kwenye soketi ya ubavuni. Ukinunua chaja mpya iliyoandikwa 100-240V, ufungishe na breka ya kuvuja ya miliampea 30 (inayokata umeme ukianza kuvuja) pale umeme unapoingia garini, na waya wa ardhi wa nyumbani uungwe na bodi ya gari kwa uhakika. Gari lina mipira, halijui ardhi. Mtu anatoka baharini na miguu mitupu iliyolowa anashika mlango wa bati, kama kuna uvujaji njia ya ardhi ni yeye. Soketi zote za ndani za Japani zifumuliwe kabisa zisibaki hata moja kuwa hai.

dago_makangale
Nimeandika bi. Kuna fundi wa majumba hapa Wete nimeshazungumza nae, atakuja kufunga breka hiyo, mpaka hapo ile soketi nimeifunga na mkanda na kuikata waya wake kwa ndani.

Na jengine, ile ya nne kwenye bolti nimeifuata, inakwenda kwenye inveta ndogo nyuma ya kiti iliyokuwa inawaka usiku na mchana bila mtu kujua, inakula karibu ampea moja. Nimeiwekea swichi.

fundi_waya_ung
Ampea moja kwa saa 24 ni 24. Theluthi ya hesabu ya bi ilikuwa inaondoka hapo. Vizuri sana umefuata.

dago_makangale
Tumerudi dago jana. Ijumaa baada ya sala mpaka Jumatatu asubuhi, Makangale, injini haijawashwa hata mara moja. Friji haikuzima. Jumapili alfajiri nliamka nikaenda kupima gizani, 13.1, na kompresa nikaisikia inazunguka, nikakaa pale mlangoni muda mrefu naisikiliza tu. Changu na pweza wamefika sokoni na baridi yao.

Laki nne na nusu ya altaneta ilitoa waya, bolti, swichi na mita, na ikabaki ya kulipa sehemu ya deni la betri.

konde_1
Alhamdulillah. Kaka nna Hiace hapa, taa za ndani zinafifia nikikanyaga breki. Sijanunua kitu chochote safari hii. Unaweza kuniazima mita?

dago_makangale
Njoo nayo Jumanne baada ya alasiri, mita ipo na msasa upo. Njoo na waya mrefu kiasi cha mita sita wa kurefushia mkono wa mita, wangu nimeshautumia kwenye pampu. Na usisafishe kitu kabla hatujapima.